Mechi ya Kumchelewesha Ndugu Yangu

Simu ililia Jumapili asubuhi, tukijiandaa kwenda misa. Miaka ile ya tisini nilikuwa nakaa Anderlecht, chumba kimoja na ndugu yangu, mtoto wa mama yangu mkubwa. Yeye alikuwa kwenye bafu la korido, anaimba. Aliyepiga alikuwa tonton wetu, mdogo wa mama zetu, na hakuzunguka. Alisema mama mkubwa amefariki Bukavu kwa homa, siku chache baada ya kurudi kutoka porini walikokimbilia kwa sababu ya vita, na habari imepitia kwa mtu aliyevuka mpaka Bujumbura. Halafu akaniagiza: ndugu yako asijue mpaka watu wakusanyike.

Kwetu Kivu mtu haambiwi kifo cha mama yake kama anavyoambiwa kwamba basi limechelewa. Ndugu wanakutana kwanza. Mmoja anamleta mfiwa bila kumwambia kitu, analishwa kidogo, wanaume wawili wanakaa ubavuni mwake ili akianguka wamdake, ndipo mkubwa anasema. Ila Brussels haina watu wa kukusanyika haraka. Shangazi mmoja alikuwa zamu hospitalini Woluwe mpaka mchana, wengine walikuwa wanatoka Liège kwa treni. Tonton alisema saa kumi na moja jioni. Kazi yangu ilikuwa kumshikilia mpaka saa hiyo.

Mimi mwenyewe hakuna aliyenikusanyia watu. Mama mkubwa ndiye aliyeninyonyesha wakati mama yangu alipokuwa mgonjwa, na nilipata habari zake nimevaa soksi moja. Nilimkasirikia tonton, na bado namkasirikia. Nikavaa soksi ya pili.

Misani nisingeweza kumpeleka, maana pale mtu yeyote aliyesikia angemjia na uso wa msiba. Nikakumbuka mechi. Ndugu yangu alikuwa anasoma Kiingereza jioni, ana ndoto zake za Kanada, na mwalimu wake alikuwa Mwaustralia mrefu mwenye masikio mekundu ambaye alianzisha timu ya mpira wa kwao. Siku hiyo walikuwa wanapokea wageni kutoka London. Walihitaji wachezaji kumi na wanane, walikuwa na kumi na wanne, na wiki nzima mwalimu alikuwa anatubembeleza. Sisi tulicheka tu. Sasa nikamwambia ndugu yangu twende tukamsaidie mwalimu. Akauliza, na misa je? Nikamjibu Mungu atatuvumilia. Alinitazama kidogo, kisha akaenda kutafuta kaptula.

Uwanja ulikuwa Auderghem, karibu na msitu, umeloa maji. Kila upande walisimamisha milingoti minne. Mpira una ncha mbili kama papai. Unaupiga teke, au unaupiga ngumi kumpa mwenzako, na ukikimbia nao lazima uudundishe chini mara kwa mara, na ukiudundisha unaenda unakotaka wenyewe. Ukipita katikati ya milingoti mirefu ni alama sita, ukipita pembeni ni alama moja, na mzee mwenye koti jeupe anapunga bendera. Mtu yeyote anaweza kukurukia kutoka upande wowote. Kama kuna mchezo uliobuniwa na watu wenye hasira na nafasi kubwa, ni huo.

Wale wa London walitufagia. Walikuwa wanajuana, wanaita, wanaruka juu ya mabega ya watu wetu kama wanapanda ngazi. Sisi tulikuwa Waaustralia sita, Waayalandi waliokuwa wamelewa tangu jana yake, Mdenmark mmoja mwenye miwani, na Wakongo wawili. Mzee wa koti jeupe upande wetu alichoka mikono kwa bendera. Robo ya kwanza ilipoisha walikuwa na alama thelathini na nane, sisi sifuri, na ndugu yangu alikuwa amepigwa kiwiko mdomoni. Akatema damu akasema inatosha, turudi nyumbani, ampigie simu rafiki yake wa Bujumbura aulize habari za kwetu.

Nilishikwa na hofu. Rafiki huyo ndiye angekuwa wa kwanza kumwambia. Nikamvuta mwalimu kando, na kwa Kifaransa changu na chake tukaelewana. Nikamwambia mama yake amekufa, hajui, lazima akae hapa mpaka jioni. Mwalimu akaniuliza kwa nini simwambii. Nikamweleza. Sikuona kama alielewa, lakini aliapa kwamba hatasema neno, akaenda kumshika ndugu yangu bega, akamsihi abaki, akampa nafasi ya mbele karibu na milingoti ambako hapigwi sana. Ndugu yangu hawezi kumkatalia mwalimu. Akabaki.

Mapumziko makubwa yalipofika tulikuwa tumeshafungwa alama themanini na kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, nabana meno nisilie, nilipomwona mwalimu anapita kwa kila mchezaji wetu na rola ya plasta nyeusi, ile ya mafundi umeme. Alikuwa anamzungushia kila mmoja mkononi, juu ya kiwiko. Kwao, mtu akifiwa, timu nzima inafanya hivyo. Hakusema neno, kama alivyoapa. Alipofika kwa ndugu yangu alimzungushia mara mbili, taratibu, kama anamfunga kidonda.

Ndugu yangu alikuja kwangu anaitazama ile plasta.

"Nani alikufa?" akaniuliza.

Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema ni mfalme wao, ni mchezaji wa zamani, ni mbwa. Kichwani mwangu mlikuwa na mtu mmoja tu aliyekufa, na ndilo neno lililotoka.

"Maman ya mwalimu."

Halafu akaenda kwa mwalimu, akainama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili kama tunavyofanya kwetu, akakaa hivyo muda mrefu. Mwalimu alinitazama juu ya kichwa chake. Mimi nikatazama majani.

Robo ya tatu alicheza kama kichaa. Aliniambia haiwezekani mtu afiwe na mama halafu afungwe hivi bila hata goli la heshima. Alikuwa anakimbilia kila mpira, anaanguka, anaamka na matope usoni. Wale wa London walimwona anavyochechemea, nadhani walimhurumia, sijui. Mpira ulimfikia mbele ya milingoti, akaupiga kwa mguu wa kushoto, kandanda ya kwetu kabisa, chini chini. Ukadunda mara mbili ukapita katikati. Mzee wa koti jeupe akapunga bendera mbili, alama sita. Ndugu yangu akakimbia uwanja mzima mpaka kwa mwalimu, anagonga ile plasta kwa kidole, anacheka, damu kwenye meno. Akamkumbatia. Mwalimu alikuwa analia waziwazi, na wachezaji wote wakadhani ni furaha. Lilikuwa goli letu pekee siku ile. Wao walimaliza na mia na hamsini na zaidi.

Kwenye metro nilimwambia aivue plasta. Alikataa. Alisema ataivua kesho, mtu akifiwa na mama si jambo la kumaliza saa moja. Njia nzima alinihadithia lile goli, jinsi atakavyomwandikia mama yake kuhusu mpira wenye ncha na wazungu wanaolia. Nilikuwa naitikia. Tulipobadilisha treni alinunua gaufre, ule mkate mtamu wa Wabelgiji, tukagawana, na alinitania kwamba leo nimekuwa bubu.

Kwa tonton ni ghorofa ya tisa. Mlango ulipofunguka niliona viti vimesukumwa ukutani na godoro limelazwa sakafuni sebuleni. Kina maman walikuwa wamejifunga vitenge kiunoni, wamekaa chini. Ndugu yangu alisimama kwenye kizingiti. Hakuna aliyepata nafasi ya kumlisha. Hakuna hata aliyesema. Alitazama godoro, akawatazama mmoja mmoja akihesabu nani hayupo, halafu akashusha macho kwenye mkono wake. Wanaume wawili walimsogelea, akawasukuma. Alinigeukia mimi.

"Ulijua tangu asubui?"

Nikasema ndiyo.

"Uliniacha nicheke." Hakupaza sauti. "Ile but, ile goli, nilimupatia maman ya muntu mwingine, na ule maman iko muzima."

Ndipo akaanguka, na kina maman wakaanza kulia, na kila kitu kikafanyika kama kinavyotakiwa. Tonton aliniambia baadaye kwamba nilifanya kazi yangu vizuri. Ndugu yangu alilala na ile plasta siku tisa. Hakurudi tena kwenye darasa la mwalimu.

Tuliendelea kukaa chumba kimoja mpaka alipopata kazi na nyumba yake. Tulikuwa tunaongea, tunakula pamoja, lakini habari ya siku ile haikutajwa. Miaka miwili baadaye nilikuwa nafanya kazi ya kufua nguo za hospitali. Asubuhi moja msimamizi aliniita kwenye simu ya ukutani, kati ya mashine zinazozunguka. Alikuwa ndugu yangu. Sauti yake ilikuwa tulivu.

"Maman yako alikufa usiku. Sikuambia bado tonton, sikuambia muntu. Sikutaka ucheke leo."

Nilimuuliza kama anakuja. Akasema atakuja jioni, pamoja na wengine. Nikarudisha simu ukutani, nikakaa juu ya rundo la mashuka machafu, nikalia, na hapakuwa na mtu wa kunishika. Sikucheka hata mara moja siku ile. Hilo alinitimizia.