Bomba Linalomwita Kitindamimba Kwanza

Mabomba ya kadi yalipoletwa kwenye mteremko wetu juu ya Bwera, tuliambiwa ugomvi wa maji umekwisha. Unagusisha kadi kwenye kichwa cha bomba, taa inakuwa kijani, maji yanatoka. Baada ya miezi michache taa zikaanza kukataa. Mama mmoja anapanda na jerikani tupu, anagusisha kadi, kimya, anashuka hadi mtoni. Akilalamika, kamati ya maji inamwambia, "Kadi yako imekufa." Akija kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu ananiambia, "Fundi, bomba limekufa." Hakuna aliyejua ni kipi kilichokufa. Mimi pia sikujua, na kutojua kulinikera.

Nikamwendea mwenyekiti wa kamati. Nilimwambia ninaweza kuunda kifaa cha kujifanya kadi. Kitajibu bomba kama kadi nzima inavyojibu, tena kitahifadhi kila kitu ambacho bomba limesema. Bomba likikikubali, basi kadi ya yule mama ndiyo mbovu. Likikikataa, bomba ndilo bovu. Kamati ilikuwa inatafuta fundi wa kutunza mabomba yote ya mteremko, na nilitaka kazi hiyo.

"Wewe si uliacha shule?" mwenyekiti aliuliza.

"Niliacha."

"Sasa ule mwanaume wa Kasese, mwenye diploma, nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri. Nipe namba moja ya kadi ya majaribio, na unipe mpaka kikao cha mwisho wa mwezi."

Alinipa namba. Nadhani alinipa ili niondoke.

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili. Baba alitangulia, mama akafuata mwaka huohuo, na sisi tulikuwa watano. Mzaliwa wa kwanza ni mimi, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili. Wadogo zangu walibaki darasani, mimi nikajifunza kulehemu simu za watu. Sijawahi kupewa kazi kwa barua. Hii ingekuwa ya kwanza, na ningeifanya kwenye mlima wetu wenyewe.

Kifaa chenyewe kilikuwa na vitu vitatu. Chipu ndogo ya kupangia programu, ambayo ndiyo akili. Chipu ya redio, ambayo ndiyo masikio na mdomo. Na antena ya waya mwembamba niliouviringa kwenye kipande cha plastiki chenye ukubwa wa kadi. Chipu ya redio ilitoka Kampala kwa basi, nikaifuata Kasese. Kitabu chake kilikuwa faili kwenye simu yangu, Kiingereza kitupu, kurasa nyingi kuliko Agano Jipya.

Bomba haliongei kwa maneno. Linaita kwa biti, yaani sifuri na moja, na kadi inajibu kwa biti, nane nane. Ili nisizichanganye nilizipa majina. Kwetu Bakonzo mtoto hupewa jina kwa nafasi aliyozaliwa, hivyo ukisikia jina la mtu unajua ni wa ngapi kwao. Nikachora kwenye daftari watoto wanane wamesimama mstari mmoja, mzaliwa wa kwanza kushoto, kitindamimba kulia. Biti yenye thamani kubwa kuliko zote nikampa wa kwanza. Mchoro ule ulinipendeza. Ndio ulioniharibia wiki tatu.

Nilianza kwa kusikiliza tu. Nilipeleka kifaa kwenye bomba, nikarekodi mwito wake wa kwanza, ule wa kuuliza kama kuna kadi karibu. Mwito huo ni mfupi kuliko mingine, una biti saba tu. Kitabu kilisema ni 0100110. Kifaa changu kilisikia 0110010. Nikarudia. 0110010. Nikasema waya umelegea. Nikalehemu upya, nikarudi mlimani: 0110010. Nikaviringa antena nyingine, yenye mizunguko mingi zaidi. Nikabadilisha betri. Nikaenda kwenye bomba la pili, la karibu na kanisa, nalo likanipa kosa lilelile, mahali palepale. Kosa lisilobadilika lilipaswa kunishtua. Mimi nikaandika kwenye daftari, "Mabomba yote mawili mabovu."

Nilipojaribu kujibu, bomba halikunitambua kabisa. Taa haikuwa hata nyekundu. Ni kama kumsalimia mtu akakupita.

Jirani yangu wa kibanda, mama wa vitenge kutoka upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, ambako dada mkubwa huitwa yaya, alikuwa ananiona kila asubuhi nikitoka na kifaa na kila mchana nikirudi nacho.

"Yaya, ile kitu yako haiyaamuka tu?"

"Bado."

"Miye nazani bomba iko inajua Kifaransa. Jaribu kuiambia bonjour."

Wateja wake walicheka. Nami nilicheka siku ya kwanza. Siku ya nne nilimwambia aangalie vitenge vyake.

"Haya, usikasirike, mutu wangu. Unaweza kumwambia punda maneno yote, kama hataki hataki."

Simu za watu zilikuwa zinalundikana mezani bila kuguswa. Mwenye simu mmoja alikuja kuchukua yake, akaikuta imefunguliwa vilevile, akaondoka nayo vipande vipande kwenye mfuko wa plastiki. Sikumlaumu.

Jumapili kabla ya kikao, mdogo wangu anayenifuata alikuja nyumbani. Yeye alimaliza shule, anafundisha hesabu Kyarumba. Tuliketi mezani tukitenga maharage na mawe, yeye upande wa pili, daftari langu katikati. Nilikuwa nimechoka kulitazama, kwa hiyo nilimwomba anisomee alichosikia kifaa, mimi nifuate kwa kidole kile cha kitabu kwenye simu.

"Sifuri, moja, sifuri, sifuri, moja, moja, sifuri," akasoma.

"Hapana. Soma kilichoandikwa hapo."

"Ndicho ninachosoma, dada."

"Hapo pameandikwa sifuri, moja, moja."

Akainua macho. "Kwako wewe. Mimi naliona daftari kichwa chini."

Nikalinyanyua daftari, nikaligeuza, nikaligeuza tena. Sifuri ikigeuzwa ni sifuri, moja ni moja. Kumbe bomba lilikuwa linasema sawasawa na kitabu, ila linaanzia upande wa pili.

Nikamfungulia ukurasa wa kitabu wenye sentensi ambayo nilikuwa nimeiruka mara nyingi. Nilikuwa nimeielewa kwamba biti isiyo na umuhimu ndiyo inayotangulia, nikajiambia, kama haina umuhimu, ya nini kuishughulikia?

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. "Si isiyo na umuhimu! Ni yenye thamani ndogo. Yaani kitindamimba anaitwa kwanza."

"Nani anamwita kitindamimba kwanza?"

"Redio. Haijui kama wewe ndiye mkubwa."

Sikucheka. Niliwaza wiki tatu zangu. Tena niliona aibu, kwa sababu sentensi ile ilikuwa ya Kiingereza cha mtu aliyeendelea na shule, nami nilibakiza kidogo tu kukielewa.

Kurekebisha programu kulichukua muda mfupi kuliko kupika yale maharage.

Siku ya kikao tulipanda hadi bomba la kanisani: kamati, akina mama wenye jerikani, na yule wa Kasese, kijana mpole mwenye viatu safi. Nikasogeza kifaa. Kijani. Maji yakatoka. Mama mmoja akapiga vigelegele, akaweka jerikani yake chini haraka kabla hatujabadili mawazo. Akagusisha kadi yake mwenyewe: kimya.

"Kadi yake ndiyo imekufa," nikasema. "Bomba hili ni zima." Nilisema pia kwamba nilikuwa nimeyasingizia mabomba yote mawili.

Mwenyekiti alinishika mkono kwa mikono miwili. "Umefanya kazi, dada, kweli umefanya. Lakini wilaya inataka cheti kwa ile faili. Wewe utamusaidia huyu. Umupe ile kifaa, nawe utakuwa unaitwa."

"Nani ataitwa fundi?"

Aliuachia mkono wangu. Yule kijana alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kifaa hakiendi na barua ya mtu mwingine," nikasema, nikakitia mfukoni. Barua ikaenda Kasese.

Bado nina hasira, sitadanganya. Lakini akina mama hawaendi kwa mwenye barua, yuko mbali. Wanakuja kibandani na kadi zao. Ninafunga kibanda, ninapanda nao, ninajaribu, ninawaandikia kwenye kipande cha karatasi: "Kadi nzima, bomba bovu," au kinyume chake. Wanakipeleka kwa mwenyekiti. Hajawahi kukirudisha hata kimoja. Anakisoma, anampigia simu kijana wa Kasese, anamwambia alete kadi mpya au aje afungue bomba.

Wiki iliyopita mama mmoja aliniuliza mbona siweki muhuri. Nikamwambia sina muhuri, awahi kabla mwenyekiti hajatoka.