Linux iligoma kuingia kwenye kompyuta ya marehemu mke wangu, na mjukuu alikuwa anasubiri jina

Nisikilizeni kidogo, wakuu. Vuta kiti, weka chai karibu, maana mimi huwa naeleza polepole. Miaka thelathini na zaidi nimefundisha darasa la nne, siwezi tena kubadilika.

Ninaandika kutoka Lubumbashi, mtaa wa Makomeno. Humu nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu, na hii ni mara yangu ya kwanza kufungua uzi. Kiswahili chetu huku ni tofauti na chenu, nimejitahidi kuandika kile cha vitabuni. Yaliyotokea nitayasema kama yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Mke wangu alifariki mwaka jana mwanzoni. Alikuwa na ofisi ndogo ya kuchapa: barua za watu, maombi ya kazi, mitihani ya shule za jirani. Kompyuta yake ni ile ya mezani, nzito, RAM ya GB mbili, ilikuja kwetu ikiwa tayari imetumika sana huko Ulaya.

Tangu msiba ilikaa pembeni, imefunikwa kitambaa. Sikuwa na kazi nayo. Nilikuwa nafagia, napika kidogo, nasikiliza redio, nalala. Kuna siku zilipita bila mimi kusema neno na mtu yeyote. Nazitaja kwa sababu zinahusika.

Siku moja mwanangu Trésor akanipigia kutoka Afrika Kusini. Mke wake amejifungua mtoto wa kike.

Sasa kwa wasiojua: katika ukoo wetu, sisi ambao wazazi wetu walitoka kaskazini ya Katanga wakija kufanya kazi ya reli, jina la mtoto wa kwanza linatoka kwa babu. Na babu halisemi kabla ya kumwona mtoto uso kwa uso. Hata baba wa mtoto halijui. Zamani waliletewa mtoto mikononi. Siku hizi tunakubali kioo cha simu au kompyuta.

Mimi jina nilikuwa nalo siku ileile. Jina la mke wangu.

Tukapanga Jumapili alasiri, kwa video. Trésor alisema haiwezi kupita hapo, kwa sababu siku za kumwandikisha mtoto zilikuwa zinaisha Jumatatu.

Tatizo likawa chombo. Simu yangu kubwa ilianguka kwenye ndoo ya maji mwezi mmoja kabla, nikabaki na ya vitufe. Trésor akanishauri niende kwa jirani yetu, mama Béa, niazime yake dakika kumi.

Nikamwambia sitaki.

"Juu ya nini, Papa?"

Nikageuzia maneno kwingine. Ukweli ni kwamba tangu mazishi nilikuwa sijakanyaga kwa mama Béa, na yeye alikuwa amechoka kubisha mlango wangu. Halafu jina lile sikuwa nimelitamka kwa sauti tangu siku ya kaburini. Sikujua uso wangu utafanya nini. Sikutaka kujua hilo nikiwa sebuleni kwa mtu.

Basi nikafunua ile kompyuta.

Ilikuwa na Windows ya zamani sana, browser yake inakataa video kabisa. Nikakumbuka nyuzi nyingi nilizosoma humu kuhusu Linux nyepesi kwa mashine za kizee. Nikaenda cyber, mwenye cyber akaniwekea kwenye flash. Ilikuwa ile ndogo, ambayo vitu vingine inavivuta kwenye internet wakati wa installation.

Wakuu, kabla ya yote nilinakili mafaili ya mke wangu kwenye flash nyingine. Nanyi fanyeni hivyo kabla ya kufuta disk yoyote. Nilikuta mamia ya barua, zote za watu wengine. Nilitafuta hata ukurasa mmoja aliojiandikia mwenyewe. Haupo.

Jumanne nikaanza. Lugha, sawa. Clavier, yaani keyboard, sawa. Kugawa disk, sawa, Windows ikafutika. Hapo hakuna kurudi nyuma tena.

Ikafika hatua ya kuvuta vifurushi kwenye internet. Mstari unaoonyesha kazi imefika wapi ukatembea kidogo, ukasimama.

Nikasubiri. Nikapika ugali, nikala, nikarudi. Umesimama palepale.

Nikafanya yale tunayofanya wote. Nikazima, nikachomoa waya, nikafungua kasha, nikatoa RAM, nikaisugua na kifutio cha penseli, nikarudisha. Ikasimama palepale. Jumatano nikabadilisha flash, nikachomoa waya, nikapuliza vumbi jekundu la miaka mingi. Ikasimama palepale. Modem ya internet ilikuwa inawaka vizuri na waya wake umeingia sawasawa.

Fundi mmoja wa mjini nikampigia. Akasema mashine hiyo itupwe.

Alhamisi nikarudi cyber kusoma humu. Nikapata mdau amemweleza mtu mwingine jambo dogo ambalo lingenisaidia tangu Jumanne: ule mstari hausemi kitu, lakini nyuma yake kuna ukurasa unaosema kila kitu. Bonyeza Alt na F4 kwa pamoja, utauona. Alt na F1 inakurudisha. Kama unatumia installer ya picha, ongeza Ctrl, na kurudi unatumia F5.

Nikarudi nyumbani, nikabonyeza. Sentensi ileile ilikuwa inajirudia chini hadi juu. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, ila niliielewa: cheti cha usalama cha seva hakijaanza kutumika.

Hakijaanza? Kinaanza lini?

Ndipo nikamwona mke wangu, jinsi alivyokuwa anaanza kazi. Kila asubuhi akiwasha, kabla ya kufungua chochote, alikuwa anabofya pale pembeni na kuandika tarehe ya siku hiyo. Kila asubuhi. Nilidhani ni kama vile mimi nilivyokuwa naandika tarehe ubaoni. Sikuwahi kumwuliza.

Nikawasha upya, nikaingia BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine yenyewe. Mashine iliamini kwamba ni mwezi wa kwanza, 2007.

Nieleze hapa polepole. Tovuti zote salama zina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yako ikiwa imekaa 2007, cheti cha leo kwake ni kitu ambacho bado hakijazaliwa. Inakikataa, inajaribu tena, inakikataa. Wewe unaona mstari umesimama tu.

Ijumaa asubuhi nikaandika tarehe kwenye BIOS, nikaanza upya. Mstari ukapita pale! Nilisimama nikapiga makofi peke yangu jikoni. Internet yangu ni ya kobe, lakini ilitembea, ikafika zaidi ya nusu.

Courant ikakatika.

Huku umeme unakatwa kwa zamu, mtaa kwa mtaa, hilo halikunishtua. Nikafanya kama mke wangu alivyotufundisha nyumba nzima: nikapita chumba kwa chumba nikachomoa kila kitu ukutani. Umeme ukirudi huku unarudi na hasira, umeshaunguza friji na redio za wengi. Katika nyumba yetu, kutochomoa ni kama kulala mlango wazi.

Alasiri ukarudi. Nikachomeka, nikaanza upya. Mstari ukasimama palepale.

Wakuu, nilikata tamaa. Nikampigia Trésor kwa simu ya vitufe, nikamwambia huenda nisiweze. Nyuma nilisikia mtoto analia.

"Papa, ile mashini ilishakufa. Kubali tu. Lundi niko naandikisha mutoto. Kama dimanche haiwezekane, tutaweka jina yetu sisi. Utatusamehe."

Hakusema kwa ubaya. Nikamjibu nimeelewa. Nilipoweka simu chini, nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia bomba la jirani likidondosha.

Jumamosi asubuhi nikaingia BIOS bila matumaini. 2007 tena.

Hapo ndipo ualimu ulinisaidia. Mwanafunzi akikosea leo hesabu aliyoipata jana, usimgombeze, uliza kimetokea nini katikati. Katikati kilitokea kitu kimoja tu. Mashine ilikosa umeme, na waya nikauchomoa.

Na Jumanne nilichomoa. Na Jumatano. Kila nilipotaka kuitibu, niliifutia kumbukumbu kwanza.

Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo ya duara, sisi tunaiita pile. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea hata waya ukiwa nje. Yetu ilikuwa imekufa, pengine miaka. Mke wangu hakuwa na fundi, akawa anaziba pengo lile kwa mkono wake kila siku, na jioni anachomoa.

Nikaing'oa pale ilipo kwa ukucha, nikaifunga kwenye leso, nikaenda mtaa wa Kamalondo. Nilijua kuna mtengeneza saa, kibanda chake kiko kati ya washonaji wawili. Sijawahi kumjua jina.

Nikafungua leso mbele yake. Akacheka hadi mshonaji wa kwanza akasimamisha cherehani.

"Eh Papa, unaileta mu mouchoir sawa hostia?"

Nami nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Akaipima. Akasema ilikufa kitambo, kisha akachomoa nyingine kwenye pakiti, imeandikwa CR2032 kama ile ya kwangu. Nikamweleza habari ya tarehe. Akatikisa kichwa.

"Ni sawa siye bazee. Ukiikatia courant, inasahau hata siku."

Halafu akauliza, kwa kawaida tu, kama mama wa nyumbani kwangu yuko salama.

"Alikufa," nikasema.

Alisogeza boksi la chupa kwa mguu, akalifuta kwa kitambaa.

"Ikala kwanza, Papa. Haraka ya wapi?"

Nikakaa. Nilikaa pale karibu saa nzima, nikimtazama akifungua saa za watu. Mshonaji akatuletea karanga. Tuliongea kuhusu bei ya unga, mpira, barabara ya Kipushi, vitu vya kawaida kabisa. Nilipoondoka koo lilikuwa linauma kwa kuzungumza.

Nyumbani nikaweka pile mpya, upande wenye maandishi ukitazama juu, nikaandika tarehe, nikahifadhi, nikaanza. Mstari ukafika ulipokuwa unasimama, ukapita. Ukafika nusu, ukapita. Kabla ya saa kumi na moja jioni Linux ilikuwa imefunguka, safi, nyepesi kama nguo iliyofuliwa. Camera ndogo ya USB, iliyokuwa kwenye vitu vya mke wangu, ikatambuliwa bila kuombwa.

Jumapili asubuhi nilichomoa vyote, nikaenda misa. Mazoea hayo siyaachi. Niliporudi niliwasha nikiwa bado nimevaa koti. Tarehe ilikuwa ya siku hiyohiyo.

Alasiri Trésor akatokea kwenye kioo. Amenenepa, ana ndevu sasa, sikujua. Mke wake akamleta mtoto karibu na camera mpaka akajaza kioo chote. Alikuwa anapiga miayo.

Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakanipotea. Nikasogea.

"Weye njo Ngoie," nikamwambia. "Ulifika muzuri."

Trésor akageuza uso pembeni. Nikaona shingo yake tu.

"Rudilia, Papa," akasema. "Rudilia, asikie muzuri."

Nikarudia. Mara ya tatu sauti ikanikatika, lakini mtoto alikuwa ameshafumbua macho, na nilikuwa nyumbani kwangu, hakuna aliyenikimbiza.

Video ilipoisha niliona uso wangu mwenyewe kwenye kioo cheusi. Sitawadanganya kwamba upweke uliondoka. Chakula nilikula peke yangu, kama juzi, kama leo. Ila Jumatatu mtoto akaandikishwa Ngoie, na jioni yake nilikwenda kwa mama Béa nikamwambia. Akanifokea kwa miezi yote ile, kisha akanipa samaki.

Nilichojifunza ni kidogo, wakuu. Kompyuta yangu haikuwa imekufa. Ilikuwa imepotea kwenye tarehe moja ya zamani, na mimi kila siku nilikuwa nairudisha hukohuko nikidhani naitibu. Na majibu, nusu yalikuwa humu kwenye maandishi ya mtu nisiyemjua, nusu nyingine Kamalondo, juu ya boksi la chupa. Peke yangu mezani nisingefika mwisho.

Wewe uliyeandika ile habari ya Alt na F4, kama unasoma, asante sana. Wengine, ambao mashine zenu zimegoma, niandikieni hapa chini: ina miaka mingapi, inasimama hatua ipi, ukurasa wa nyuma unasema nini. Usione aibu swali lako kuwa dogo. Mimi nina muda, na nitajibu kila mmoja.

Lakini kabla hujaandika, fanya hivi: chomoa waya, subiri dakika tano, chomeka, washa, ingia BIOS, soma tarehe. Kama si ya leo, badilisha pile kwanza.