Mkono wa Mganga Mfawidhi

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Tunduma. Juzi tuliletewa mtaalamu atufundishe kukabiliana na msongo wa kazi. Nilichelewa, nikakuta kiti kimoja tu kimebaki, jirani na mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali yetu, mzee ambaye sijawahi kumwona akicheka.

"Fumbeni macho," mtaalamu akatubembeleza. "Nendeni mahali mioyo yenu inapopumzika."

Nilikwenda Ileje, kwa mama. Binti yangu Atupele analelewa huko tangu nilipomwachisha ziwa, maana zamu na mtoto vilinishinda. Niliuona ukungu ukishuka kwenye migomba, nikasikia harufu ya maharage jikoni. Kumbe usingizi ulishanichukua! Atupele akanijia mbio, nikamdaka mkono, nikaubana kifuani.

"Mwanangu, leo sirudi kazini," nikamwambia. "Njoo mama akufute kamasi."

Mtu akakohoa. Nikafumbua macho. Madaktari na wauguzi wote walikuwa wamenigeukia. Mkono niliokuwa nimeubana ulikuwa wa mganga mfawidhi, na kitambaa changu kilikuwa puani kwake.

"Nisamehe, daktari," nikanong'ona. "Nilikuwa na mwanangu."

Kuna aliyecheka nyuma. Mganga mfawidhi hakucheka, wala hakuutoa mkono wake.

"Sista," akaniuliza polepole, "huyo mtoto anapenda kula nini?"

Nikakishusha kitambaa changu.

"Bibi yake ndiye anayejua," nikasema, nikaangua kilio mbele ya wote.