Skrini Aliyoichagua Mama wa Usafi

Aliingia dukani kwangu na skrini ya kompyuta mgongoni, kaifunga kwa shuka. Mimi hununua kompyuta chakavu za maofisini, huzitengeneza na kuziuza. Mtu akija na mzigo wa namna ile, natazama mzigo kwanza, uso baadaye. Skrini ilikuwa ya zamani, lakini safi kuliko zote nilizokuwa nazo.

"Unauza, mama?"

"Siuzi, baba. Nataka unifungulie. Mna barua za binti yangu humu."

Alikuwa mama wa usafi katika ofisi ya bima iliyofungwa miaka minne nyuma. Binti yake aliondoka nyumbani kwa ugomvi, akaenda nchi ya mbali, na huko akawa anaandika kwa barua pepe ya mhasibu wa ofisi ile, kwa sababu mama hakuwa na yake. Asubuhi akimaliza kupiga deki, mhasibu alikuwa akimwita amsomee. Ofisi ilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa kila mmoja achague kitu kimoja. Wenzake walikimbilia viti na feni. Yeye alichukua skrini ya mhasibu, maana humo ndimo alimoziona barua. Aliipangusa vumbi kila siku, akitafuta mtu wa kumwamini nayo.

Nilimweleza bila kumzungusha. Kibodi inaingiza maneno, lile kasha la chini ya meza linafanya kazi, diski iliyo ndani yake inahifadhi, skrini inaonyesha tu. Ukiichomoa haikumbuki kitu.

Aliitazama. "Kwa hiyo nilibeba dirisha, nyumba nikaiacha."

"Ndivyo."

"Na nyumba aliichukua nani?"

Niliichukua mimi. Makasha ya ofisi ile niliyanunua yote kwa mkupuo. Mengi nilishayauza, na siuzi diski kabla ya kuifuta. Wateja wangu hunifuata kwa hilo. Matano yalibaki stoo, hayajaguswa. Sikumwambia hayo papo hapo. Skrini kama ile nilikuwa na mteja anayeitafuta.

"Nikikutafutia kasha, skrini inabaki kwangu."

"Kitu kisichokumbuka kitu nikifanyie nini? Chukua."

Nilimpeleka stoo, akainama, akayakagua makasha kwa chini, siyo kwa juu. Akagusa kona moja iliyobonyea. "Hili hapa. Nilikuwa naligonga kwa mti wa deki kila siku. Mhasibu akilalamika, mama, kichwa changu hicho unachokigonga."

Diski iliamka kwa kusuasua. Barua tatu za binti zilikuwa zimehifadhiwa humo. Nilimsomea. Ya mwisho ilikuwa ya mstari mmoja: Mama, nikirudi utanipokea?

"Hiyo niliijibu," alidakia. "Mhasibu aliandika nimesimama pale pale. Nilisema njoo hata kesho, kitanda chako hakuna aliyekilalia. Kunyamaza kanyamaza yeye. Miaka minne nimemnunia."

Jibu nililikuta, ila halikuwa kwenye barua zilizotumwa. Lilikuwa kwenye zinazosubiri kutumwa.

"Wiki ile intaneti ilikuwepo ofisini?"

"Intaneti gani? Hata simu zilikuwa zimekatwa. Tulikuwa tunafunga."

Mhasibu alibonyeza, kompyuta ikaiweka barua ingoje mtandao, na mtandao haukurudi. Nilimwambia hivyo hivyo.

"Haikutoka?"

"Haikutoka mlangoni, mama."

Alikaa juu ya kasha tupu. "Kumbe na yeye anangoja," alisema. Kisha akaniagiza niongeze chini ya barua kwamba mama yako alidhani imefika, asiongeze neno lingine mtu yeyote.

Niliituma kwa kompyuta yangu.

"Akijibu, jibu linafikia wapi?"

"Kwangu, hapa."

"Basi nitakuwa napita."

Barua haikurudishwa, kwa hiyo anwani bado ipo. Haijajibiwa pia.

Skrini iliondoka wiki ile ile kwa bei niliyoitaka. Yeye hasira kwa binti yake zimemwisha, na ananiambia alikuwa analala vizuri zaidi alipokuwa nazo. Kila Ijumaa anakaa kwenye kiti cha wateja, nafungua, hakuna kitu, anainuka. Wiki iliyopita nilimshauri apumzike nyumbani, jibu likija nitamwita.

"Wewe una haraka gani, baba? Kiti unakitumia?"

Nilikuwa na wateja wawili wamesimama. Nilimwambia sikitumii.