Mvua Isiyonyesha Jumapili

Siku ya kwanza kazini nilipewa koti la mvua kabla sijapewa kiti. Mkuu wa Kituo, mzee mfupi aliyekaribia kustaafu, alinipeleka kwenye kiwanja cha nyasi fupi karibu na ziwa, akanionyesha kipimamvua: silinda ya bati yenye faneli juu na chupa ndani.

"Shikamoo," nikasema tena, kwa woga tu.

"Marahaba, umeshanisalimia. Sasa inama. Maji yanasomwa usawa wa jicho. Ukisoma umesimama, unalidanganya taifa."

Nawaandikia ninyi mnaomaliza kidato cha nne na mtakaopata kazi ya kuingiza takwimu za hali ya hewa. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wenye mvi. Mimi mvi sina. Nina mtoto wa pili mgongoni, kazi yangu imekwisha, na nina hasira. Lakini ninachokisema nakijua.

Vituo vingi vidogo chini yetu vilisomwa na watu wa kujitolea. Cha Magu kilikuwa nyuma ya shule, na mwalimu mmoja alikisoma kila asubuhi saa tatu. Jumapili saa hiyo mwalimu yuko kwaya, na kwaya haimsubiri mtu. Basi maji ya Jumapili yalikaa kwenye chupa mpaka Jumatatu, akayapima yote pamoja. Kwenye karatasi halikuwa tatizo. Alichora mabano yanayofunga siku mbili, yaani: haya maji ni ya siku zote mbili, msiyagawe kwa kubuni. Mkuu wa Kituo alipitisha bila neno. Ndivyo kazi ilivyofanywa, na ilifanywa vizuri.

Kisha nikahamishiwa ofisi ya takwimu mjini, chini ya Mkuu wa Takwimu, mama nadhifu, mchapakazi, asiyependa kiporo mezani. Huko takwimu ziliingia kwenye mfumo wa kompyuta, na mfumo haukuyajua mabano. Kila siku ulidai namba. Ukiacha kisanduku wazi, hausogei. Maelekezo yakawa: Jumapili weka sifuri, Jumatatu weka maji yote.

Sikilizeni vizuri hapa. Sifuri maana yake nilitazama, sikukuta mvua. Wazi maana yake sikutazama. Hivyo ni vitu viwili, na anayevichanganya asiguse takwimu.

Tuliingiza karatasi za miaka mingi kwa mtindo huo. Ushauri wa kupanda nao hutoka humo humo: kompyuta inatafuta siku za mvua zinazofuatana ili ijue msimu huanza lini. Kila zikianza kufuatana, Jumapili yetu ya sifuri inazikata. Msimu wa Magu ukaonekana unachelewa, wakati watu wa Magu wameshalowa.

Mama yangu analima mpunga huko. Alilifuata tangazo letu la kupanda, akachelewa kusia mbegu kitaluni. Maji yalipojaa kwenye majaruba ya mpunga, miche ilikuwa bado vidole tu. Ikazama, ikaoza. Akanipigia simu: "Hao watu wako wa mvua, huwa wanaiona au wanasimuliwa?"



Mwaka uliofuata ofisi ikaamua kununua mfumo mpya. Kabla ya kununua huandikwa masharti ya kiufundi, yaani maelezo ya kila kitu ambacho mfumo lazima uweze kufanya. Kazi hiyo alipewa mhandisi Kiran, mzaliwa wa Mwanza, kwao wana duka la vipuri mjini. Akachora takwimu za Magu kwa siku za wiki, akaniita huku anacheka.

"Dada, mvua ya Magu ni mlokole? Mbona Jumapili haifanyi kazi?"

Nikamweleza habari ya kwaya na mabano. Kicheko kikamwishia. "Hili tusipoliandika kwenye masharti," akasema, "hakuna fundi atakayelijenga."

Tukaandika, mimi mtoto ananyonya, yeye anachapa. Kisanduku kiruhusiwe kubaki wazi, na sababu yake. Maji ya siku kadhaa yawekewe alama yake. Namba ya asili isifutwe kamwe, hata ikisahihishwa.

Mkuu wa Takwimu akayasoma, akayakata yote matatu. Fundi wa kuujenga mfumo alikuwa ametaja bei bila hayo. "Toleo lijalo," akasema. "Weka saini hapa. Wewe ndiye mwakilishi wa watumiaji."

"Sitaweka, mama."

"Mama Neema, mkataba wako unaisha mwisho wa mwaka. Una mtoto mchanga."

"Mtoto mwenyewe anakula wali wa Magu."

"Unanijibu?"

"Umeniuliza, mama."

Kiran akakohoa. "Bila saini yake mimi siwezi kuyapeleka, Mkuu. Utaratibu."

Alitutazama kama vyombo vichafu. Kisha akayarudisha yote matatu kwa mkono wake mwenyewe, na mkataba wangu hakuuongeza. Hakunificha: "Kazi unaijua. Ila sikai na mtu wa kunigomea." Hilo la kusema usoni namheshimu. La kunitoa, hapana, na sitasamehe leo wala Pasaka.

Mfumo mpya ulifika kabla mkataba haujaisha. Wiki zangu za mwisho nilikaa humo, naondoa sifuri za Magu moja moja, nayarudisha mabano ya mwalimu. Hakuna aliyenituma. Nisingeondoka na sifuri zile mle ndani.

Kwa hiyo mkiajiriwa, mkasikia "weka tu namba mfumo uende", kataeni. Kwa adabu kama mnaweza. Mimi yangu iliisha njiani.

Msimu huu tangazo la Magu limetoka mapema. Mama akapiga.

"Wamesema tusie mbegu wiki hii. Niwaamini?"

"Waamini. Magu nimeirekebisha mimi."

"Na kazi je?"

"Wamenitoa, Mama."

"Basi njoo na watoto. Kitalu ni kikubwa mwaka huu, na mimi mgongo sina."