Mpasuko Ulioshonwa Vwawa

Mratibu wa maonyesho alikuwa mtu mwenye adabu, na nadhani adabu yake ndiyo iliyonichosha zaidi. Mtu mkali unaweza kumjibu. Yeye alinipigia simu kwa upole, akaniita dada, akaulizia mvua za huku Tunduma, kisha akarudi palepale: nimwandikie maana ya kila kazi.

"Nimeshakuandikia," nilimwambia.

"Umeniandikia vifaa, dada. Turubai, uzi, udongo, maganda ya kahawa. Mgeni rasmi akiniuliza maana yake nini, nimjibu turubai?"

"Mwambie aangalie."

Alicheka kidogo, kwa heshima. "Mimi ningeshauri tuseme mazingira. Wewe unaokota vitu vilivyotupwa, unavigeuza kuwa sanaa. Watu wanaelewa hilo haraka."

Sikumjibu vizuri. Ni kweli kazi zangu ninazitengeneza kwa kuunganisha vitu: vitambaa, waya, mpira wa matairi, udongo niliouchanganya na gundi ya mafundi seremala. Majirani zangu wameshaamua kwamba naokota skrepa, na kuna mama mmoja jirani ambaye kila akiniona na mzigo huniuliza gari la kununua vyuma linapita lini. Yeye nimemzoea. Lakini sijawahi kuokota kitu njiani nikakibandika kwa sababu tu kimetupwa. Kila kilichomo kwenye kazi zangu nakijua kilikotoka. Waya wenye maganda ya kahawa ulitoka kwenye kichanja cha baba kule Mbozi, alichokiacha alipomfuata mama mpakani, akaishi humo kwenye vumbi la malori mpaka uzee bila kulizoea hata siku moja. Na turubai lilikuwa la mama.

Mama yangu alikuwa anashona maturubai ya malori. Foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ikisimama, madereva walikuwa wakimtuma utingo kuja kumwita, naye angepanda juu ya mzigo na shazia yake, ile sindano nene ya maturubai, na uzi mweusi wa nailoni, kipande cha ngozi kimefungwa kiganjani ili sindano isimtoboe. Alishona akiwa amepiga magoti. Wengine waliokuwa wakifanya kazi hiyo walikuwa wanaume, na walishona kwa kukimbiza, kwa sababu foleni inaweza kusogea wakati wowote. Mama alikuwa anarudisha sindano nyuma kila anapoivuta mbele, kila tundu linapitiwa na uzi zaidi ya mara moja. Madereva walilalamika kwamba anachelewa. Safari iliyofuata walimtafuta yeye.

Dada yangu na mimi tulikua tukimshikia uzi. Yeye ni mkubwa, na alipomaliza shule alibaki na mama kwenye kazi. Mimi nilikwenda Mbeya kujifunza kuchora vibao vya maduka. Nilikuwa huko mama alipougua. Nilichoambiwa ni kwamba alikuwa juu ya lori la Mzambia mmoja, anashona mpasuko mrefu, akasikia kizunguzungu, akashuka, akapelekwa hospitali. Presha. Hakurudi nyumbani. Foleni ilisogea, lori likavuka na mpasuko ulioshonwa nusu.

Yule dereva alirudi baada ya mazishi. Nilikuwepo. Aliuliza nyumba ya bamayo, yaani mama, anayeshona, watu wakamwelekeza, akakuta viti vya msiba vimeshakusanywa. Alikuwa na turubai jipya kwenye lori, na lile la zamani amelikunja begani. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata, lakini tulimwelewa. Alisema amelazimika kununua jingine, na hili hawezi kulitupa, kwa sababu bamayo alikuwa bado yuko kazini juu yake. Akaliweka chini ya ukuta, akakaa kidogo, akaenda kuwahi foleni.

Lile turubai nililihifadhi miaka mingi, kwanza chini ya kitanda, baadaye kwenye chumba ninachofanyia kazi. Nilipolitandika hatimaye, niliona namna ya kulifanya. Nilikata sehemu yenye mpasuko. Nililizungushia vipande vya kitenge chake, ambacho niligawiwa mimi tulipogawana nguo. Nilipaka udongo mwekundu na gundi juu ya mishono yake ili isifumuke. Na pale alipoishia, niliacha wazi. Ukisimama mbele yake unaona mishono ikija, ikija, imekaza, halafu inakoma, na turubai linafunguka kama mdomo wa mtu aliyekatizwa akiongea. Nyuma yake hakuna kitu, ukuta tu. Kazi nzima ilikuwa hapo. Vingine vyote nilivitia ili jicho lifike hapo.

Sasa hilo nimwandikie mratibu kwa mistari miwili?

Nilipeleka kazi zangu Vwawa siku moja kabla ya ufunguzi. Dada yangu anaishi huko, ana cherehani zake, anashona sare za shule na mapazia. Nilimwomba akae ukumbini mchana ule kuangalia zinavyotundikwa, kwa kuwa mimi ilibidi nirudi kumalizia kazi moja iliyokuwa haijakauka. Nilimwachia na kopo la udongo na gundi, endapo kuna mahali patabanduka. Hakuwa ameiona ile ya mama ikiwa imekamilika. Nilipoifungua aliitazama muda mrefu, akashika ukingo wa kitenge, akasema, "Umekikata."

"Kilikuwa changu."

"Najua kilikuwa chako," alisema, akaenda kutafuta kiti.

Kesho yake nilifika ukumbini watu wameshaanza kuingia. Chini ya kazi ya baba waliweka karatasi iliyoandikwa TAKA NI MALI. Niliisoma mara mbili. Baba yangu alikianikia kahawa kile kichanja miaka na miaka, leo ni taka. Nilikuwa namtafuta mratibu kwa macho, na ndipo nilipoiona ile ya mama upande wa pili.

Mpasuko ulikuwa umefungwa.

Nilisogea. Umeshonwa kuanzia pale mama alipoachia mpaka mwisho, umekaza, na udongo mwekundu umepakwa juu yake. Mbele yake walikuwa wamesimama mgeni rasmi na watu wake, na mratibu anawaeleza kwa sauti ya furaha kwamba kazi hii inaonyesha jinsi watu wa mpakani walivyounganishwa na biashara. Mgeni rasmi akasema ni kazi safi, imeshonwa kwa ustadi. Watu wakapiga makofi. Nami nikapigiwa makofi, nikaitwa mbele, nikapewa mkono. Sikumbuki nilisema nini.

Walipopita nilimshika mratibu.

"Nani ameshona hapa?"

Aliona uso wangu, tabasamu likafifia. "Dada, ilikuwa imechanika. Tulidhani ni njiani. Nikamwuliza yule dada yako kama inarekebishika kabla ya wageni, akasema inarekebishika. Amekaa nayo jana mchana wote. Si imekuwa nzuri?"

Sikumlaumu tena yeye. Yeye hakujua. Dada alijua.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, anasaidia kupanga soda. Nilimwambia twende pembeni, tukasimama kwenye uzio, mabasi yanapita barabara kuu na kutupigia honi za bure.

"Ulijua haikuchanika njiani," nilisema.

"Nilijua."

"Mbona ulishona?"

Alijifuta mikono kwenye khanga. Dada yangu si mtu wa maneno mengi, na hakuwa anaona haya. "Mimi ndiye niliyekuwa juu ya lori naye," alisema. "Wewe ulikuwa Mbeya. Wakati anashuka alinipa sindano mkononi, akaniambia, malizia hapo. Nilimwona anayumba, nikaweka sindano chini nikamfuata. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonipa ya kueleweka. Hospitali alikuwa anaongea vitu vingine."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ungefanya nini nayo? Ungebandika?"

Hapo nilikasirika zaidi. Nilimwambia ile ni kazi yangu. Nilimwambia kwamba lile tundu ndilo lililokuwa mama, kwamba nilikesha na kushinda nalo, kwamba sasa ni turubai lililozibwa kama maturubai mengine yote ya Tunduma. Nilimwambia nitaifumua.

"Fumua," alisema. "Lakini fumulia kwangu, nikiwepo."

Maonyesho yalipokwisha tuliipeleka nyumbani kwake. Nilikuwa nimechukua wembe na mkasi mdogo. Tuliitandika juu ya meza anayokatia vitambaa, karibu na dirisha, na nikaanza kutafuta pale mama alipoishia ili nisiguse mishono yake.

Sikupaona.

Nilidhani ni mwanga, nikaigeuza. Nilidhani ni udongo, nikalowanisha kitambaa nikausugua taratibu mpaka nyuzi zikajitokeza. Uzi ulikuwa uleule mweusi wa nailoni, usiochakaa, na alikuwa ametumia ule uliobaki kwenye kijiti cha mama cha kuzungushia uzi. Nafasi kati ya tundu na tundu ilikuwa ileile. Sindano ilirudi nyuma vilevile. Nilifuata mstari kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo. Mimi niliyeitazama mishono ile miaka yote, niliyepiga picha, niliyeichora kwa penseli, sikuweza kusema huyu ni mama na huyu ni dada.

"Nionyeshe," nilimwambia.

"Sikuonyeshi."

"Nitakata ya mama."

"Basi usikate."

Nilikaa na wembe mkononi. Nikafikiri kukisia. Nilikuwa na picha kwenye simu, lakini nilizipiga kwa mbali, na kingo za turubai zilikuwa zimevutwa wakati wa kushona. Hakuna kipimo kilichokubali. Kama ningekosea kwa mishono michache tu, ningekuwa nimefumua kazi ya mama kwa mikono yangu ili nirudishe tundu la kumkumbuka. Nikaweka wembe mezani.

Dada alisema, "Chai ipo."

Nilisema sitaki chai. Nilisema mambo mengine pia, kwamba amenifanyia hivi kwa sababu hajawahi kuiona kazi yangu kuwa kazi. Alisikiliza. Akajibu kwamba anaiona, ila yeye hakusoma kuangalia vitu vilivyochanika na kuviacha. Niliondoka bila kuaga vizuri, na hakunisindikiza. Kazi niliiacha pale mezani.

Watu niliowasimulia wananiambia mwisho ni mzuri. Wanasema mama amemaliziwa. Mchungaji wetu aliniambia nishukuru. Labda. Kwa dada yangu ni hivyo, na simnyimi. Alibeba neno lile peke yake muda wote ambao mimi nilikuwa naonyesha watu tundu na kuliita huzuni yangu. Lakini mimi nilipoteza kitu, na hakuna anayekubali kwamba nimepoteza. Nikieleza, wananisikia kama mtu anayelia kwa sababu nguo yake imezibwa tundu. Nimejaribu kuifanya upya kwa turubai jingine. Nilishona nusu mwenyewe, nikaacha nusu. Imekaa kama tundu nililolitoboa mimi, uwongo mtupu, na nimeikunja.

Wakati wa mavuno dada alipiga simu kusema bei ya mahindi imeshuka Mbozi, niende na magunia kabla walanguzi hawajafika. Nilikwenda kwake Vwawa. Ile kazi alikuwa ameitundika juu ya cherehani, wateja wake wanaiona wakija kupima sare. Aliniuliza kama nataka kuichukua, nikasema bado. Hatukuizungumzia zaidi ya hapo. Tulipokwisha kununua tulishika magunia, mmoja huku na mmoja kule, tukayatoa nje kumsubiri mwenye gari.