Kalekye wa Gia Ishirini na Moja

Kalekye alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na miaka hamsini na minne, siku ya soko, mbele ya mji mzima wa Mwala. Alianguka mara nne. Mara ya tano aliangukia gunia la mbaazi, na mwenye mbaazi akacheka mpaka akasahau kudai zilizomwagika.

Hakuwa akitafuta sifa. Kazi yake ni kuchanja kuku dhidi ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima kwa wiki moja. Dawa hukaa kwenye barafu, na barafu haingoji mtu anayetembea. Binti yake, Nthenya, alipoliona hilo alimtafutia baiskeli ya mtumba kule Machakos mjini: ya milimani, tairi pana, gia ishirini na moja.

Aliyemfundisha kuitunza ni Ndeti, fundi wa pale karibu na kituo cha boda boda.

"Mama Nthenya, hii si punda," alimwambia. "Punda ukimchapa anapanda mlima. Hii badilisha gia kabla ya mlima. Ukingoja mpaka uanze kuhema, cheni inakatika na unarudi kwa miguu."

Kalekye alishika kila neno. Jioni alipangusa cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akatia tone moja la oili kwenye kila kiungo, akapangusa tena, kwa sababu oili ikizidi hukusanya mchanga. Alipandisha kiti mpaka mguu ukakaribia kunyooka, na magoti yakaacha kulalamika. Mwaka wa pili alitia ndani ya tyubu ile dawa nzito inayoziba matundu yenyewe. Siku hiyo alipitisha tairi juu ya mwiba wa mgunga makusudi, akasimama kusikiliza. Hewa ililia kidogo, ikanyamaza. Alikanyaga mwingine kwa furaha tu.

Basi Jumamosi moja ya kiangazi, saa mbili asubuhi, alikuwa njiani kwenda kwa Kavindu, ng'ambo ya mto mkavu, kikasha cha barafu kimefungwa kwenye keria. Kwenye kona aliwakuta watu wanane wameketi kando ya barabara. Walivaa nguo za kubana za rangi ya machungwa. Baiskeli zao zilimeta, na sita kati ya hizo zilikuwa zimekaa chini kabisa kwa pancha.

Mmoja wao, kijana aliyejitambulisha kwa jina Mutinda, mfanyakazi wa kiwandani kutoka Syokimau, alisimama akamsalimu kwa lugha ya mjini.

"Sasa mathe. Kuna fundi hapa karibu?"

"Fundi ni mimi," alisema Kalekye. "Lakini niko na kuku wananingoja. Tufanye haraka."

Alitoa vijiko viwili mfukoni, akang'oa tairi la kwanza kwa mipini yake. Maji ya kutafutia tundu hayakuwepo, kwa hiyo alijaza tyubu hewa kwa pampu yake, akaipitisha karibu na shavu mpaka akahisi upepo. Akakwaruza, akapaka gundi, akaipuliza ikauke kidogo, akabandika kiraka.

"Umemaliza," Mutinda alisema, akitaka kurudisha tyubu.

"Bado. Mwiba uko wapi?" Alipitisha kitambaa ndani ya tairi, kikanasa. Akauchomoa mwiba mrefu kama sindano ya magunia. "Usitafute kwa kidole. Kidole hakina kiraka."

Tairi la tatu walilitengeneza wenyewe, na la sita lilipokwisha walikuwa wakishindana. Kalekye alifungua kikasha akaona barafu imepungua nusu. Akapanda baiskeli.

"Tutakusindikiza," Mutinda alisema.

"Mkiweza."

Kwenye mto mkavu aliwaambia wapunguze hewa kidogo, wakae nyuma kwenye kiti, wasikate kona, wasiache kukanyaga. Walimsikiliza watatu. Wengine watano walilala mchangani mmoja baada ya mwingine, na yeye akapita katikati yao na kikasha chake, akicheka hata machozi yakamtoka. Ng'ambo kulikuwa na mteremko wa karibu kilomita moja. Akainuka kwenye pedeli, magoti yamelegea, vidole viwili tu juu ya breki. Kilemba kilimtoka kichwani. Hakusimama kukiokota. Nyuma yake watu wazima wanane walikuwa wakipiga vigelegele bila sababu yoyote.

Kavindu, mwenye boma, alisikia kelele akatoka na mwiko mkononi.

"Kalekye, nuvoo, u mzima? Hawa ni akina nani?"

"Wasaidizi wangu wa leo," alisema Kalekye. "Wape kuku washike."

Kuku walikuwa mia moja na themanini, wa Kavindu na majirani, na nusu walikuwa wameshatoroka bandani. Mmoja wa wale wanane, msichana anayefanya kazi benki, alimkimbiza jogoo mwekundu mara tatu kuzunguka ghala. Mutinda alishika kuku wawili kwa pamoja, akaulizwa na Kavindu ni yupi amechanjwa, akakiri hajui. Kalekye aliwatia kuku tone moja la chanjo jichoni, mmoja baada ya mwingine, na tone la mwisho lilitoka barafu ikiwa bado na vipande viwili.

Walikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, wamejipanga chini ya ukuta, vifua vimejaa manyoya. Mutinda akamwomba awaongoze mwezi ujao, awapitishe njia za Katangi.

"Chanjo inarudiwa baada ya miezi mitatu," Kalekye alimjibu. "Hapo ndipo niko na nafasi. Na mje mmejifunza kushika kuku."

Mchana alirudi peke yake, kikasha kitupu kikigonga keria. Alipofika langoni kwake alishuka, akaitazama njia ya kwenda kisimani, iliyokuwa imeteremka vizuri na haina mtu. Akarusha mguu, akapanda tena, akaiachia baiskeli iteremke.